Masika Shemeji Alipoacha Kupima Oili

Machi 2

Mvua imeanza alfajiri na Shemeji, rubani wetu, amerudi kazini. Hata udongo wa kaburi la mdogo wangu haujakaa sawa. Nilikuwa bandani nabadilisha tairi la mbele la ndege, nikamwona anavuka uwanja kwa mwendo wake uleule, koti la mvua limefungwa vifungo vyote.

"Umeamkaje, Shemeji?" akaniuliza.

Kama mwezi uliopita. Kama mwaka jana.

Nilimtazama akipima oili, nikitafuta walau mkono utetemeke. Haukutetemeka. Aliuliza kwanza kama injini imekaa tangu jana, maana oili ikiwa bado inachuruzika kutoka juu, kijiti hudanganya. Akainama kuangalia kama ndege imesimama pasipo mteremko. Akafungua kile kimlango kidogo juu ya injini, akazungusha kijiti, akakitoa, akakipangusa kwa kitambaa cheupe, akakirudisha, akakitoa tena na kukiinamisha kwenye mwanga. Lita tisa. Hakukilaza juu ya bati wala hakukiegemeza popote, kisije kikaokota mchanga kikaupeleka ndani. Akakirudisha akakikaza kwa vidole tu, kisha akafuta tone moja lililodondoka. Akafunga kimlango, akakipigapiga kama mtu anayemlaza mtoto.

Kwa miaka yote niliyokuwa fundi wa ndege hii, kumwona akifanya hivyo kulinipendeza. Ndiyo maana nilimleta nyumbani, nikamkutanisha na mdogo wangu. Nilisema, mwanamume anayejali tone la oili atamjali mke. Leo ilinitia hasira. Mtu amezika mkewe juzi, anahangaikia tone.

Mama anasema ana moyo wa jiwe, kwamba pale makaburini macho yake yalikuwa makavu kama kifuu. Sikumtetea.

Machi 4

Mvua. Hakuna safari.

Machi 8

Jumapili. Shemeji alikuja kumwona mwanawe. Mtoto anakaa kwetu tangu msiba. Mimi ni mama yake mkubwa, na nyumba yetu ina mtu wa kumpikia. Tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupumziki. Alimsimulia baba yake habari za shule, za paka wa jirani, za mwalimu aliyekaa kwenye kiti kibovu kikamwangusha. Shemeji akawa anaitikia "eeh," "eeh," kila baada ya sentensi, hata pale Chiriku alipouliza swali.

Chai yake ilipoa na utando juu. Alipoondoka Mama alisema, "Hata mtoto wake hamwoni." Nami nikaongeza la kwangu. Tulimsengenya mpaka Chiriku akatuambia tunanong'ona kwa sauti kubwa.

Machi 13

Safari mbili. Matope uwanjani hadi kwenye vifundo vya miguu.

Jambo dogo. Shemeji alitoa kijiti, akakitazama bila kukipangusa, akakirudisha. "Tisa," akasema. Alipokwenda kunawa, nikapima mwenyewe. Saba na nusu. Kijiti kisichopanguswa kina oili hadi shingoni, kila mtu anajua, na yeye ndiye aliyewahi kunifundisha kuwa kijiti cha kwanza ni uongo na cha pili ni ushahidi. Nikaongeza lita moja na nusu, sikusema kitu. Nilidhani ni uchovu.

Machi 16

Mvua.

Machi 17

Mvua. Bosi wetu, tunayemwita Ratiba kwa kuwa hajui neno lingine, anapita bandani akitazama mawingu kama wafanyakazi wake waliochelewa.

Machi 20

Leo Shemeji alikwenda moja kwa moja mlangoni mwa ndege.

"Shemeji," nikamwita, "oili."

"Si umepima wewe?"

"Nimepima. Lakini rubani anapima mwenyewe."

"Basi kama umepima."

Akapanda. Nilibaki nimeshika kitambaa. Mtu huyu hajawahi kuchukua neno langu tangu tufahamiane. Nilipokuwa mgeni kazini nilinuna kwa ajili hiyo, akaniambia, "Mimi na wewe tusiaminiane, ndipo tutakapozeeka." Tulikuwa tunacheka. Mdogo wangu alikuwa akiisema mezani, akituiga sauti.

Nilipaswa kufurahi kwamba hatimaye ananiamini. Sikufurahi.

Machi 21

Hakupima.

Machi 23

Hakupima. Mvua jioni.

Machi 27

Nimefanya jambo la kijinga. Asubuhi, baada ya kupima na kufunga, nilibandika kipande chembamba cha utepe kwenye ukingo wa kile kimlango, pasipoonekana. Ukifungua, kinachanika. Kuna viwanja viwili vya udongo huko anakotua, hakuna fundi, na kila anapozima injini huko anatakiwa kuangalia upya kabla ya kuruka. Amekwenda, ametua, ameruka, ametua, amerudi. Utepe mzima kabisa, hata matope hayajaugusa.

Nimeubandua haraka kama mwizi. Nilimpeleleza mume wa mdogo wangu, na nilichokipata sijui nikipeleke wapi.

Machi 30

Hakupima.

Aprili 2

Barabara ya bonde imekatika. Mchana waliita kwenye redio: kuna mama mjamzito, yuko katika hali mbaya tangu jana, gari haliwezi kupita. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mapaa. Ratiba mwenyewe alisema, "Tungoje yapande." Shemeji alishavaa koti.

Nilimshika mkono nikiwa na kisingizio. "Ngoja nikuongezee oili."

"Inatosha."

"Hujui kama inatosha."

Akaniangalia kwa upole, kama unavyomwangalia mtu anayekueleza njia ya mji ambao huendi. Kisha akaruka. Tulisikia sauti ya injini ndani ya mawingu, tukaacha kuisikia.

Alirudi naye. Yule mama alijifungua hospitali, mtoto wa kiume, wote wazima. Watu walijaa uwanjani kwenye mvua, mume wa yule mama akapiga magoti kwenye matope, Ratiba akapiga picha. Shujaa, walimwita. Wameahidi kumpa mtoto jina lake.

Mimi nilisimama pembeni na macho yakanifunguka. Shujaa anaogopa, ila anakwenda. Huyu hakuogopa hata kidogo. Nimekosea tangu mwanzo. Nilidhani hana uchungu. Moyo wa mwenzio ni msitu, na mimi nilisimama nje nikasema hakuna miti.

Aprili 5

Nilimpelekea chakula nyumbani kwake. Mlango haukufungwa, yeye amekaa mezani. Sahani nilizompelekea wiki mbili nyuma zilikuwa palepale juu ya meza, chakula kimeota ukungu chini ya vifuniko. Kitanda kimetandikwa, kimevuta vumbi. Analala kwenye kiti, kuna blanketi na alama ya kichwa ukutani. Viatu vya mdogo wangu viko mlangoni, kimoja kimelala ubavu, alivyokivua siku ile tuliyombeba kwenda hospitali na ini lake limeshaacha kufanya kazi. Hajakisimamisha.

Niliosha vyombo. Sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono yangu.

"Shemeji, unakula wapi?"

"Nakula."

"Mbona hupimi oili?"

Maji ya bomba yalikuwa yakipiga sinki. "Nikiwa juu kunakuwa kimya," akasema. "Chini hapa watu wote wananiuliza kitu."

"Sikukuuliza kuhusu juu. Nimekuuliza oili."

"Najua ulichouliza."

Nikavikusanya vyombo vyangu. Pale mlangoni niliinama nikitaka kukisimamisha kile kiatu. "Usikiguse," akasema, na hiyo ndiyo sauti kubwa pekee niliyoisikia kwake tangu msiba.

Nimemwambia Mama kwamba hana moyo wa jiwe. Mama amesema, "Kumbe," akaendelea kuchambua mchele. Baadaye nilimwona anajifuta macho kwa mgongo wa mkono.

Aprili 7

Sasa napima mara mbili kabla hajaja, na tena akirudi. Nakaza kila kitu. Bandu bandu huisha gogo. Sijui anayekatwa ni yeye au mimi.

Aprili 8

Mvua. Afadhali.

Aprili 11

Jumamosi. Nitaandika yote, mikono ikikubali.

Mama alikuwa na miadi ya presha, nikampeleka mwenyewe. Jana jioni injini ilikuwa bado ya moto, sikupata kipimo cha kuaminika, kwa hiyo asubuhi nilimpigia simu Shemeji: ongeza lita moja kabla ya kuruka, ukaze kijiti, usisahau kukaza. "Sawa," akasema. Nikamwambia arudie nilichosema. Akarudia: "Lita moja, nikaze." Kama mtoto aliyetumwa dukani.

Kwenye ndege yetu kijiti ndicho kifuniko. Ukikichomeka bila kukizungusha, kinakaa kama kimefungwa, kwa macho huoni tofauti. Injini ikichanganya kasi, kinapanda chenyewe na oili inatoka.

Nilipofika uwanjani, mjazaji mafuta, tunayemwita Pipa, alikuwa ananikimbilia. Hakuwa na haja ya kusema. Niliisikia ndege inarudi, na ilikuwa haijamaliza hata robo ya safari. Ilitokea juu ya miti upande usio wake, imejipinda, inakuja kimshazari. Kioo cha mbele kilikuwa cheusi. Shemeji alikuwa anatazama nje kupitia dirisha la ubavuni, ndivyo anavyotua mtu asiyeona mbele. Pipa alikuwa anasema kitu kando yangu, nadhani sala. Magurudumu yakagusa, yakaruka, yakagusa, matope yakafunika kila kitu, ikasimama karibu na mfereji.

Abiria walikuwa watatu: mwalimu mmoja, nesi wa chanjo, na mzee aliyekuwa anarudishwa kwao kutoka hospitali. Mwalimu alitapika alipokanyaga ardhi. Nesi alikuwa analia bila sauti, amekumbatia sanduku la chanjo. Yule mzee tulimbeba. Akamgeukia Shemeji dirishani, akamwinulia mkono, akasema, "Mungu akupe maisha marefu, mwanangu."

Nikafungua injini. Oili imelowanisha kila kitu, inachuruzika hadi tumboni mwa ndege. Kijiti kilikuwa kinaning'inia. Nilisubiri ishuke, nikakipangusa, nikakichovya. Kilitoka kikavu. Nikapangusa tena kitu kisichokuwa na kitu.

Shemeji hakushuka. Nilipanda nikakaa kiti cha pembeni yake. Mbele yetu kioo kilikuwa cheusi, kama tumefungiwa kwenye sanduku.

"Ulisahau kukaza?"

"Sijui. Sikumbuki hata kukitoa."

"Kisha?"

"Kisha nikaona oili kwenye kioo. Nikaangalia mshale wa presha ya oili, unashuka." Alikuwa anaongea taratibu, kama anayesoma. "Ningegeuka palepale. Kila rubani angegeuka. Mimi nikauangalia tu. Nikawaza, acha ushuke."



"Kwa muda gani?"

"Sijui. Palikuwa pametulia. Kisha yule nesi akaanza kulia huko nyuma, ndipo nikakumbuka kuna watu."

Mvua ilianza kupiga bati juu yetu. Nikauchukua mkono wake. Ulikuwa mzito na wa baridi, aliuacha kwangu kama kitu alichokisahau.

Aprili 12

Jumapili. Ratiba ametuma ujumbe: ndege ioshwe, injini ikaguliwe, Jumatano safari ziendelee. Kijiti kulegea ni ajali ya kawaida, anasema.

Nilimweleza Mama. Sikumficha lolote. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, akavua kilemba, akakikunja, akakikunjua.

"Usiseme," akasema. "Ukimtoa kwenye hiyo ndege, umemzika na yeye. Atabaki na nini?"

"Mama, alikuwa na watu nyuma."

"Aliwarudisha."

"Safari hii."

"Mimi nimeshazika mtoto mmoja mwaka huu," akasema. "Huyu ndiye aliyekuwa amemshika mkono alipokufa. Usinichukulie na huyu."

Ni mwanamke huyuhuyu aliyemwita jiwe. Nami nilikuwa naye. Chiriku alikuwa anachora sebuleni, kimya, na Chiriku akiwa kimya ujue anasikiliza.

Aprili 13

Nimesema.

Nilimwambia Ratiba kwamba injini nitaikagua, lakini ndege sitaitilia sahihi ikiwa rubani ni Shemeji. Bila sahihi yangu haitoki.

"Kwa kijiti? Hata wewe unaweza kusahau kukaza kijiti."

"Hayuko katika hali ya kuruka, Bosi. Aende kwa daktari."

"Watu wa bonde wanamwita malaika, wewe unasema ni mgonjwa. Nipe sababu. Bila sababu, ratiba haisimami."

Nilijaribu kuzunguka. Nikasema hali chakula, halali usiku. Ratiba akasema mfiwa gani analala. Nikasema hapimi oili tangu mwezi uliopita. Akasema, basi wewe pima, ndiyo kazi yako. Alikuwa ameshachukua simu yake. Ndipo nikamwambia alichoniambia Shemeji ndani ya ndege, neno kwa neno.

Ratiba aliweka simu chini. 

Ofisi yetu imetengwa kwa ubao mwembamba, na Shemeji alikuwa amekaa kwenye benchi upande wa pili. Mlango ukafunguka. Aliingia, akaweka vifaa vyake vya masikio juu ya meza, waya akaukunja vizuri. Hakumwangalia Ratiba.

"Nilikwambia wewe," akanambia. "Sikumwambia yeye."

Akatoka kwenye mvua bila koti.

Aprili 14

Ratiba, nimpe haki yake, alimpeleka mwenyewe hospitali kwa gari lake, akakaa naye foleni. Daktari ameandika asiruke. Hakuandika hadi lini.

Aprili 16

Mama hasemi na mimi. Anamtuma Chiriku: "Mwambie mama yako mkubwa chakula kipo."

Aprili 18

Dada yake Shemeji amekuja kumchukua. Anaishi mbali, siku nzima kwa basi. Mwanamke mfupi, mchapakazi. Alifagia nyumba, akaipanga, akafunga mabegi. Viatu vya mdogo wangu alivifunga kwenye gazeti kabla sijasema kitu, na Shemeji akamtazama akifanya hivyo wala hakumzuia. Hilo liliniuma kuliko lolote.

Shemeji alimuaga mwanawe kwa kumshika kichwa. Mama alimkumbatia mpaka dada mtu akakohoa. Kwangu alipita. Dada yake akaninong'oneza, "Atalala chumbani kwetu, mimi na mume wangu tutapokezana. Hataachwa peke yake." Nikasema asante. 

Aprili 24

Mvua. Hakuna rubani, hakuna safari. Huko bondeni, Pipa ameniambia, mwanamke mwingine alizidiwa, wakambeba kwa machela. Hakufika.

Nilimuuliza jina lake. Pipa hakulijua.

Aprili 25

Mume wa yule mama wa kwanza, aliyepiga magoti kwenye matope, alikuja uwanjani kumwulizia rubani. Nikamwambia yuko likizo. Akaacha salamu.

Mei 4

Rubani mpya. Kijana, mchangamfu, kitambaa chake mwenyewe mfukoni. Anapima vizuri. Anapangusa, anarudisha, anatoa, anainamisha kwenye mwanga, anasoma kwa sauti. Hana kosa. Nilisimama kumtazama na sikuhisi kitu chochote.

Mei 5

Nimefungua kijiti baada ya rubani kukikaza. Nikakaza tena.

Mei 9

Leo nimefungua na kukaza hadi rubani akanambia kwa adabu, "Dada, ukizidi kukaza, injini ikipata moto hakitatoka." Kweli. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua. Nilikwenda nyuma ya banda nikakaa juu ya pipa tupu.

Mei 12

Mvua.

Mei 13

Mvua. Mama amesema nami maneno mawili: "Funga dirisha."

Mei 20

Mvua zinapungua. Uwanja unakauka pembezoni, matope yanapasuka. Kila mtu anashukuru. Barabara ya bonde imefunguliwa, Ratiba analalamika sasa abiria watapanda magari.

Nimeota mdogo wangu ananiuliza mume wake yuko wapi. Katika ndoto nilijua jibu. Nilipoamka sikulijua.

Mei 30

Dada yake Shemeji amepiga simu. Anakula kidogo, anasema. Analala mchana, usiku anakaa. Dawa anakunywa akisimamiwa. Kisha akasema, "Huyu hapa," na kabla sijajiandaa nikasikia pumzi zake.

"Shemeji," nikasema.

"Eeh."

"Huko kumenyesha?"

  Akasema, bila hasira, bila chochote, "Ungeniacha."

"Ulikuwa na watu watatu."

"Zilikuwapo siku nyingi nisizokuwa na mtu. Ungeniacha moja ya hizo."

 Heri lawama kuliko fedheha, husemwa, lakini methali hiyo haikutungwa kwa ajili ya mtu anayekulaumu kwa kumwacha hai. Mama alikuwa amesimama mlangoni, ametega sikio, na uso wake ulinionyesha kwamba amesikia.

"Sikuweza," nikasema. Hilo tu.

Chiriku aliniegemea begani, akaichukua simu mkononi mwangu. "Baba, nimeng'oka jino. Nililimeza na mkate." Akasimulia mkate ulikuwa wa namna gani, damu ilikuwa kiasi gani, nani alicheka darasani. Upande wa pili kimya. Hapakuwa hata na "eeh." Chiriku akaishiwa maneno, jambo ambalo sijawahi kuliona, akaiangalia simu kama imeharibika, akairudisha sikioni.

Mama alinishika kiganja. Tangu Aprili hakuwa amenigusa.

Ndipo nikasikia sauti ya Shemeji kwenye simu, imekwaruza, inatoka mbali.

"La juu au la chini?"

Chiriku akafungua mdomo wote akaielekezea simu, kidole kwenye pengo, amuonyeshe.